Rehema Amesimama Kati Yao

Mama,

Mvua zimeanza tena, za kwanza tangu tukuzike, na bati la jikoni linavuja palepale ulipokuwa unaweka sufuria. Nilimwita fundi, akapanda, akapigapiga misumari, akashuka akijipangusa mikono na kusema imekwisha. Haikwisha. Sufuria nimeirudisha mahali pake.

Kuku wako wananizoea polepole. Majirani bado wananiita "mutoto ya Mama Feza", mimi mwenye wajukuu. Siku ya arobaini walikuja watu wa kanisa lako na Waislamu wa upande wa Baba, wakakaa mkeka mmoja, wakala wali na sombe ya majani ya muhogo, na hakuna aliyebishana nani aanze kuomba. Ungefurahi. Halafu wakaondoka, na nyumba ikawa kimya hata nikasikia mto.

Kindu imejaa, Mama. Vita vimerudi Kivu, barabara imekatika, na watu wanaingia na magodoro kichwani. Mama Kavira, yule mwenye duka kutoka Butembo aliyetuletea kitambaa cheupe cha kukuvika, rafu zake sasa ni tupu, hana chumvi wala sabuni. Lakini chumba chake cha nyuma kimejaa ndugu waliokimbia. Redio inatuambia wakubwa wetu waliitwa kule kwao, wakatia sahihi, wakapigwa picha. Amani na madini, vyote kwa kalamu moja. Naandika "kule kwao" kwa sababu hivyo ndivyo ulivyosema wewe. Maisha yangu yote sikukusikia ukilitaja jina la nchi ile kubwa. Na mimi silitaji.

Nazungukazunguka tu. Ninalotaka kukuambia ni hili: nilimwacha Rehema aende.

Pale hopitali ulinishika mkono kwa nguvu ambayo sikujua ungali nayo. Ukasema, "Amina, mutoto yako asisimame kati yao. Kusoma, asome. Lakini kati yao, hapana." Nikajibu ndiyo, mama. Nani angekujibu vingine, ukiwa katika hali ile? Sikukuuliza sababu, maana sababu niliijua. Uliniambia mara moja tu maishani, na mara hiyo ilitosha.

Ilikuwa vita ya pili, mji ulipozungukwa. Waliokuwa porini hawakuruhusu chakula kiingie, waliotutawala mjini hawakuruhusu watu watoke. Tulikula majani ya viazi mpaka yakaisha, tukala tusivyovijua majina. Siku moja ndege nyeupe ilitua, ikateremsha wageni waliotumwa kuangalia vita, na mjini wakaanza kutafuta mtu wa Kingereza. Nikaja mbio kwako na Rehema mgongoni, mwepesi kama kapu tupu. "Mama, nenda. Wanaowasaidia wanapewa mchele." Nilijua unakijua Kingereza, kwa kuwa watu wazima wa Kindu walikuwa wakisema hivyo kwa sauti ndogo ukipita. Ulikuwa unamenya mizizi ya porini. Hukuinua kichwa.

"Ikala," ukasema. Nikaketi. Na ukaniambia jinsi Baba alivyokufa. Mpaka siku ile nilijua maneno mawili tu: vita ilimuchukua.

Nimeyarudia yote kichwani tangu ufe, naogopa yasinitoke. Niache niyaandike, nawe uniambie nikikosea.

Ulikulia misheni, upande wa Kibombo, kwa madamu mmoja wa kule kwao, mwalimu asiye na mume wala mtoto. Alikufundisha kuosha vidonda, kuoka mkate, na kusema lugha yake mpaka ukawa unaota ndani yake. Kisha akaja Assumani, fundi cherahani wa Kindu, Mwislamu, kununua mpunga. Akakuona. Akarudi kununua mpunga mwingine ambao hakuuhitaji. Madamu alilia, wazee wa kanisa walinuna, nawe ukaolewa.

Uhuru ulipofika, wewe ulikuwa bado mgeni katika mji huu. Wabelgiji walikuwa wamefunga ofisi na kupanda treni, na viti vyao vilikaliwa na vijana wa juzijuzi. Siku moja jeep ya jimbo ikasimama mlangoni. Konsul wa kule kwao ameshuka kwa ndege, Kifaransa chake kinachechemea, na prezida wa jimbo hataki aibu. Mtu fulani alikuwa amemwambia, kuna mke wa fundi. Ulikuwa unatwanga. Ulienda na vumbi la mpunga mikononi.

Uliniambia kiti chako kiliwekwa katikati, kidogo nyuma, na kwamba miguu yako haikufika chini vizuri. Prezida alisema, "Muambie sisi tuko inchi changa. Tunataka urafiki na kila muntu. Atuletee madaktari na walimu. Bunduki tuko nazo za kutosha." Ukayasema. Konsul akajibu kwamba serikali yake inaheshimu uhuru wa mataifa yote mapya, kwamba huu ni mwanzo wa safari ndefu ya pamoja. Ukayasema hayo pia, na ulijisikia unasema jambo kubwa. Kisha konsul akamwinamia sekretere wake, kijana mwembamba mwenye miwani, akanong'ona huku anatabasamu: hawa hawatafika mvua zijazo.

"Anasema nini?" prezida akauliza.

Ukaangalia sinia. "Anasema chai iko tamu."

Wote wakacheka. Wakapeana mikono.

Jioni Baba aliacha cherahani, akakuuliza kwa nini hukumwambia. Ukamjibu kwamba prezida alikuwa amefunga kravati yake ya shingoni vibaya, kama mtu aliyejifunga mwenyewe bila kioo, na hukuweza. Baba alifikiri kidogo. "Siku ingine muambie," akasema. "Kravati nitamufunga mimi."

Lakini siku nyingine hukumwambia. Walirudi mara nyingi, wakasaini mambo ya dawa, ya barabara, ya vitabu, na kila mara ulipunguza makali, upande huu na upande ule. Uliniambia uliamini kwamba ukiwatafsiria upendo ambao bado hawana, siku moja utawakuta nao. Ulikuwa msichana, Mama. Mdogo kuliko Rehema wa leo.

Vitabu vilifika. Barabara haikufika. Halafu wakaja waasi.

Ulisimulia haraka sehemu hii, mizizi imelala mapajani mwako, kisu mkononi kimesimama. Waliingia na majani kichwani na dawa ya maji mwilini ya kuzuia risasi, na wenye kujua kusoma wakaanza kufa. Makarani, walimu, kila aliyeshikana mkono na mzungu. Prezida yule yule aliuawa mbele ya ofisi yake. Walipokuja kukuchukua, Baba alikuwa anawashonea sare kwa nguvu, askari amekaa juu ya meza yake ya kukatia nguo. Ulikuwa na mimba yangu. Ulifikiri ni mwisho.

Kumbe koloneli wao alihitaji mdomo. Katika nyumba moja karibu na mto walikuwa wamemfungia yule sekretere mwenye miwani. Alikuja kuleta dawa, uwanja wa ndege ukafungwa kabla hajaondoka. Na koloneli alitaka jambo moja tu duniani, kule kwao waitambue serikali yake. Kutambuliwa. Ulisema alilitaja neno hilo kama mgonjwa anavyotaja maji.

"Umuulize," akasema. "Wakubwa wake watatutambua ao hapana? Kama hapana, amekwisha leo."

Ukamuuliza. Kijana akasema kwamba yeye ni karani tu, hajui kitu, hakuna anayemsikiliza kule. Askari wawili walisimama nyuma yake. Ukamgeukia koloneli.

"Anasema ndiyo. Anasema wakubwa wake wamekubali, wanangojea njia ya kuleta muntu wao."

Koloneli alilia, Mama. Hilo ndilo lililokushangaza. Muuaji yule alimkumbatia mfungwa wake, akamwita balozi, akaamuru apewe kitanda, chandarua na kuku. Na wewe ukapewa kazi ya kumpikia. Ulimpelekea wali na samaki wa mto, ukakaa naye mpaka amalize, kwa kuwa akiwa peke yake hakula. Alikuambia habari za mama yake. Alikuambia kuna baridi kwao inayofanya mto uwe mgumu, watu wakatembea juu yake, nawe ukadhani homa imempanda. Siku moja alikushika mikono yote miwili, akasema hatasahau. Ikija saa ya kukulipa, atakumbuka.

Uliamini. Hapo uliacha kusimulia, ukaniangalia. "Hata wewe ungeamini," ukasema.

Ndege zilipoanza kupita juu, koloneli alielewa kwamba amedanganywa. Hakupata nafasi ya kulipiza. Askari wa serikali na wazungu wa kukodiwa walikuwa wameshapita Kibombo. Alikimbilia mtoni na watu wake. Mji ukatoka nje kupokea wakombozi, na wewe ukatoka, na Baba, mmevaa nguo za Idi.

Wakombozi walitaka waasi, na waasi walikuwa wameondoka. Wakaingia mitaa ya Waislamu wakatoa wanaume. Kwa Baba walikuta vipande vya sare juu ya meza. Hawakuuliza nani alimlazimisha. Wakawapanga kwenye mteremko unaoshuka mtoni, Baba na wengine, na wewe ukakimbia na tumbo lako mpaka kwenye jeep yao.

Yule kijana wa miwani alikuwa amekaa ndani. Wamemwosha, wamempa koti la mtu mnene. Ulimwambia kwa lugha yake, vizuri, bila kukosea hata neno. Hilo ulilisema kwa uchungu, kwamba hukukosea. Yule pale ni mume wangu. Mwambie mkubwa wa hawa wazungu neno moja. Jina lake Assumani. Amekushonea shati ulilovaa.

Akaangalia mteremko. Akamwangalia mkubwa wa askari wa kukodiwa, naye akainua mabega. Kisha kijana akakaa wima, akasema kama mtu anayesoma:

"Hilo ni jambo la ndani la nchi yenu. Sisi hatuingilii."

Uliniambia kichwa chako kilitafsiri hata pale. Hakuna aliyekuomba. Hakuna aliyekuwa akingoja. Kilichukua maneno yale na kuyaweka katika Kiswahili safi, neno baada ya neno, kama kilivyozoezwa, na ulipomaliza kutafsiri jeep ilikuwa imekwenda.

Baba alikuona umesimama barabarani. Akapaza sauti kutoka kwenye mstari, "Feza, rudi nyumbani, jua ni kali kwa mutoto."

Ulirudi nyumbani. Ulikuwa mke mtii siku hiyo. Mlio uliusikia ukiwa unafungua mlango.

Mizizi ile hatukuipika. Mchele wa wageni hatukuupata. Jirani alitupa kikombe cha unga, tukapona, sijui tulivyopona. Tangu siku hiyo nilikukasirikia kidogo na kukuhurumia sana, na vyote viwili bado ninavyo.

Kingereza ulikifunga. Redio ikikisema, uliinuka na kwenda kuona kuku. Mara moja tu kilikuponyoka. Rehema alikuwa kidato cha chini, anajikaririsha namba za Kingereza barazani, anachanganya kumi na tatu na thelathini, na wewe ukiwa umempa mgongo ukamsahihisha, sauti nyepesi, ya msichana, sauti ambayo sikuwahi kuisikia nyumbani mwetu. Sote tukakugeukia. "Soma," ukamwambia kwa Kiswahili, "usiniangalie mimi." Akasoma. Akaenda Kisangani, akarudi na diploma yake ya Kingereza, na ulimpikia kuku bila kusema umefurahi.

Sasa nikueleze.

Mwezi wa pili baada ya kilio chako, ujumbe wa kule kwao ulikuja Kindu. Walitaka kusikia wananchi, hivyo ndivyo ilivyotangazwa, juu ya makubaliano mapya. Watu wa jimbo wakamfuata Rehema. Gari lilipofika asubuhi nilisimama mlangoni na maneno yako mdomoni. Nikamwambia mjukuu wako, "Koko yako alikataza." Nikamweleza sababu, yote, kama ulivyonieleza, huku dereva anapiga honi. Nilidhani ataogopa.

Akalia, akajifuta. Akasema, "Mama, kama si mimi watamutafuta mwingine. Huyo mwingine atawaambia chai iko tamu."

Nikatoka mlangoni.

Yaliyotokea ndani nimeyapata kwake na kwa Mama Kavira, aliyekuwa amekwenda kuulizia barabara. Sale ya mikutano ilijaa. Mkubwa wa ujumbe alikuwa mwanamke mzee, nywele nyeupe, mpole, anamsalimia kila mtu kwa mikono miwili. Gavana alisema yake, wachimbaji wa Pangi wakasema yao. Mwishowe akasimama chefu mmoja wa kijiji cha upande wa Obokote, kofia mkononi, viatu vya tope. Alikuwa amesafiri kwa pikipiki siku na siku.

Akasema, "Wenye bunduki wameacha barabara kubwa, wanashuka kwetu. Mupunga umeiva, tunataka kuvuna. Munasema mumefanya amani na wakubwa wetu. Mimi nauliza hili tu. Wakifika, kuko muntu mutatuma atukinge? Nibakie na watu wangu, ao niwatoe?"

Rehema akamweleza mama yule. Naye akajibu kwa muda mrefu. Alizungumza juu ya ushirikiano, juu ya hatua zinazofuatiliwa kwa karibu, juu ya dhamira ya pande zote. Rehema anasema alitafsiri kila kitu, hakuongeza hakupunguza. Chefu alisikiliza mpaka mwisho. Kisha hakumtazama tena mzungu. Alimtazama mjukuu wako.

"Mutoto yangu, nimesikia maneno, ni mingi na ni mazuri. Wewe ndiye unasikia luga mbili. Alijibu ao hakujibu?"

Mtu wa gavana akamkonyeza Rehema. Mama Kavira aliona. Anasema Rehema alishika ukingo wa meza.

"Hakujibu, baba."

Watu wakaguna. Mama yule wa kule kwao akauliza, nini kimesemwa? Hapo, Mama, hapo ndipo ninapokufikiria wewe kila ninapolisimulia jambo hili. Rehema angeweza kusema lolote. Akamwambia kwa Kingereza, mbele ya gavana: ameniuliza kama umejibu, nami nimesema hapana.

Mama yule alivua miwani. Akaangalia mikono yake mezani, na karani wake akamsogezea karatasi, akaisukuma kando. Kisha akasema kwa sauti ya chini, maneno machache, na Rehema akayatoa kwa Kiswahili kwa sauti ile ile ya chini:

"Hapana. Hakuna atakayekuja. Mwambie awatoe."

Chefu akavaa kofia. "Aksanti," akasema. "Sasa najua kazi yangu." Hakungoja soda wala picha. Alipanda pikipiki yake mchana ule ule.

Aliwatoa, Mama. Wengi walimtukana kwa sababu ya mpunga uliokuwa tayari, na mzee mmoja, ndugu yake mwenyewe, alikataa kabisa, akasema amechoka kukimbia tangu ujana wake. Wengine wote walipita porini na watoto mgongoni. Wenye bunduki walipofika walikuta nyumba tu za kuchoma na mzee wa kuua. Nyumba zimeungua, mpunga umeungua. Watu wapo hapa Kindu, wamelala katika madarasa, na watoto wao wanakohoa hata ukipita barabarani unawasikia. Sitaki kukudanganya kwamba mambo ni mazuri. Makubaliano bado yanasomwa redioni, na bado watu wanafika na magodoro.

Rehema hawajamwita tena. Mtu wa jimbo alimwambia amewaaibisha wageni, kazi kama ile si yake. Mama yule wa nywele nyeupe alirudi kwao, na hatujui kama kule walimsifu au walimfukuza. Rehema anakwenda shuleni kwa waliokimbia, kuna madaktari wa kigeni pale, anasimama kati ya daktari na mama mwenye mtoto, anasema panapouma ni wapi. Anarudi amechoka, anakula, anafanana na wewe hata anavyokunja kitenge.

Wiki iliyopita mwanamke mmoja wa kijiji kile alikuja hapa. Alikuwa na mapacha, mmoja mbele mmoja nyuma. Hakuleta kitu, hakuomba kitu. Aliuliza kama hapa ndipo kwa yule binti, nikasema ndipo. Akaketi chini ya ukuta, akawanyonyesha watoto wote wawili, akapumzika, akaondoka. Baada ya kwenda nikajifungia chumbani mwako na kulia kama siku tuliyokuzika. Nilikuwa nalia juu yako, kwa sababu miaka yote hii ulibeba peke yako kwamba kinywa chako kiliokoa mtu mmoja na hakikumwokoa mwingine, na hakuna aliyekuja kukaa chini ya ukuta wetu.

Mama, nimekuasi. Nilikuambia ndiyo pale hopitali na sikuifuata. Siombi uniondolee hilo, nakujulisha tu, ili usilisikie kwa watu wengine walioko huko. Najua ulikataza kwa kuwa ulimpenda. Na mimi nimempenda vingine.

Ulichoniomba siwezi kukuahidi. Nakuahidi hiki: wakimwita tena, kule kwao au wengine wakubwa kama wao, nitampigia pasi kitenge chake kizuri na kumsindikiza mpaka kwenye gari. Halafu nitarudi ndani nikae na woga wako, ambao umeniachia, mpaka nimsikie akibisha hodi.

Pumzika sasa. Ulisimama muda mrefu.

Mwanao,
Amina